Mafungu Yaliyouzwa na Yaliyododa: Historia ya Asilimia ya Mauzo katika Minada ya Sarafu Adimu

Asilimia ya mauzo katika mnada wa sarafu adimu hupatikana kwa hesabu nyepesi. Mafungu yaliyopata mnunuzi hugawanywa kwa mafungu yote yaliyonadiwa, kisha jibu huzidishwa kwa mia. Fungu ni kile kinachonadiwa kwa mara moja, iwe sarafu moja ya dhahabu au mfuko mzima wa shaba. Nyumba ya mnada iliyonadi mafungu 1,000 ikauza 900 imefikia asilimia 90, na yale 100 yaliyododa hurudi kwa mwenyewe. Warithi, wakusanyaji na wafanyabiashara huitazama asilimia hiyo wanapochagua nyumba ya kuikabidhi mali yao, na nyumba zenyewe huitangaza kila inapopanda.

Hata hivyo, hesabu hii haikuwa na maana moja katika kila zama wala katika kila nchi. Tangu mwanzo imetegemea kanuni za mnada kuliko uzuri wa sarafu au ufundi wa dalali: mali ni ya nani, kima cha chini cha bei anachokubali mwenye mali kimewekwa wapi, na mafungu yaliyododa yametangazwa au yamefichwa. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha nyumba moja na nyingine hana budi kujua kanuni hizo zilivyojengeka.

Minada ya mirathi London

Katika karne ya 18, London ilikuwa tayari na nyumba za mnada zenye majina yanayojulikana hadi leo. Samuel Baker aliendesha mnada wake wa kwanza wa vitabu mwaka 1744, na nyumba yake ndiyo iliyokuja kuitwa Sotheby's. James Christie alifungua ya kwake mwaka 1766. Wakati huo sarafu zilikuwa sehemu ya maktaba na makabati ya wasomi, hivyo zilinadiwa pamoja na vitabu, vito vilivyochongwa na sanamu ndogo. Dk. Richard Mead, tabibu wa Mfalme George II, alifariki mwaka 1754, na sarafu zake zikanadiwa mwaka uliofuata.

Mnada wa aina hiyo ulikuwa wa mirathi. Wasimamizi walitaka fedha ya kulipa madeni na kuwagawia warithi, na mali iliyobaki bila kuuzwa ilikuwa mzigo kwao. Kima cha chini hakikuwa na nafasi kubwa, kwa sababu aliyekuwa na uchungu wa bei alikuwa kaburini. Nyundo ilishuka kwa dau lolote lililoonekana la haki, na mauzo karibu yote yalikamilika. Hadi leo mnada wa marehemu au wa aliyefilisika huuza sehemu kubwa ya mafungu kuliko mnada wa mfanyabiashara aliye hai, ambaye anaweza kusubiri.

Wanunuzi wa zama hizo waliandika bei na majina ya washindi kwa kalamu pembeni mwa katalogi zao. Nakala hizo ndizo kumbukumbu kuu za bei za karne ya 18 na ya 19. Nazo pia zina mtego wake, kwani palikuwa na desturi ya mwenye mali, au wakala wake, kuinunua mali yake mwenyewe kwa jina lingine pale dau lilipokuwa dogo. Katika katalogi fungu hilo huonekana limeuzwa, lina bei na lina jina la mnunuzi. Wanahistoria wanaofuatilia safari ya sarafu moja huja kugundua baadaye kwamba haikuwahi kutoka mikononi mwa yule yule. Ndiyo sababu asilimia ya mauzo inayohesabiwa kwa katalogi za zamani pekee huelekea kuwa kubwa kuliko ukweli.

Mwishoni mwa karne ya 19 minada mikubwa ya London ilihusu mikusanyo ya matajiri waliokusanya kwa makusudi na kwa mpangilio. Sarafu za Hyman Montagu zilinadiwa na Sotheby's kuanzia 1895 hadi 1897, na za John Gloag Murdoch mwaka 1903 na 1904. Minada hiyo ilichukua siku nyingi na kugawanywa katika awamu, ili soko lisifurike. Kuanzia hapo nyumba za mnada zilitambua kwamba idadi ya mafungu yanayotolewa kwa mpigo mmoja huamua ni mangapi yatadoda.

Philadelphia na biashara mpya

Marekani ilichelewa. Mnada wa mkusanyo wa Dk. Lewis Roper, uliofanyika Philadelphia mwaka 1851, huhesabiwa kuwa wa kwanza wa maana kwa sarafu katika nchi hiyo. Kilichoamsha watu wengi ni uamuzi wa serikali wa mwaka 1857 wa kuiondoa senti kubwa ya shaba na kuleta ndogo badala yake. Ghafla watu wakaanza kuzitafuta senti za kila mwaka kabla hazijapotea. Mwaka uliofuata Edward Cogan, mfanyabiashara wa Philadelphia, aliamua kuuza senti zake kwa kupokea madau yaliyofungwa ndani ya bahasha, akapata jumla ya dola 128.68. Kiasi hicho kilikuwa habari ya kushangaza kwa sarafu za senti moja moja, na magazeti yakaieneza.

Baada ya hapo akina W. Elliot Woodward wa Massachusetts, na baadaye ndugu wawili S. Hudson na Henry Chapman wa Philadelphia, waliigeuza minada kuwa biashara ya kudumu. Hapa uhusiano wa dalali na mali ulibadilika. Mara nyingi dalali au mfanyabiashara alinunua mkusanyo wote kwanza, kisha akaunadi. Lorin Parmelee alinunua mkusanyo wote wa Charles Bushnell, akajichagulia alizozitaka, na zilizosalia zikanadiwa na ndugu Chapman mwaka 1882 kwa katalogi yenye picha. Dalali anayenadi mali yake mwenyewe anajua hasa alinunua kwa kiasi gani, hivyo ana sababu ya kukataa dau dogo. Anayenadi mali ya mwingine hupata ujira pale tu inapouzwa, naye ana sababu ya kulikubali. Nyumba mbili zenye katalogi zinazofanana zinaweza basi kuwa na asilimia tofauti kabisa kwa sababu hiyo moja.

Mwanzoni mwa karne ya 20, B. Max Mehl wa Fort Worth, Texas, aliupeleka mnada kwenye posta. Wateja walituma madau kwa barua, naye akazifungua na kutangaza washindi. Mnada wake wa mkusanyo wa Dunham mwaka 1941 ni miongoni mwa inayokumbukwa zaidi. Njia hiyo iliwafikia watu wa miji midogo wasioweza kusafiri hadi New York, ila ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa kwa hesabu ya mauzo: hapakuwa na ukumbi wala mashahidi. Ni dalali peke yake aliyejua ni mafungu mangapi hayakupata dau la kutosha.

Mtindo wa Ujerumani na Uswisi

Katika bara la Ulaya, nyumba kama Adolph Hess ya Frankfurt na ile ya Dk. Jacob Hirsch mjini Munich zilijenga desturi ya katalogi za kisomi zenye makadirio ya bei. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uzito ulihamia Uswisi, kwa Münzen und Medaillen ya Basel na benki ya Leu mjini Zürich. Desturi iliyoenea katika nchi hizo ni kwamba makadirio huchapwa wazi, na dau la kuanzia huwa asilimia 80 ya makadirio. Chini ya hapo fungu halinadiwi. Kwa maneno mengine, kima cha chini si siri: kila anayeisoma katalogi anaweza kukihesabu mwenyewe.

Desturi nyingine ya huko ni mauzo ya baada ya mnada. Fungu lililododa linaweza kununuliwa siku au wiki zinazofuata kwa bei ile ile ya kuanzia. Nyumba inayotangaza asilimia yake jioni ya mnada na ile inayoitangaza baada ya mwezi, ikijumuisha mauzo ya baadaye, hazisemi jambo moja. Tofauti hii peke yake inatosha kuipandisha nyumba moja juu ya nyingine katika orodha bila biashara zao kutofautiana.

Cairo, 1954

Mnada wa mali ya Mfalme Farouk wa Misri ni mfano wa mauzo yanayoamriwa na serikali. Baada ya mapinduzi ya Julai 1952, serikali mpya iliipa Sotheby's kazi ya kuunadi mkusanyo wa kasri, uliokuwa na sarafu na medali za dhahabu zipatazo 8,500. Mnada ulifanyika katika jumba la Koubbeh, Februari na Machi 1954. Lengo lilikuwa kumaliza, na sarafu nyingi ziliunganishwa katika mafungu makubwa yenye nadra na za kawaida pamoja. Mafungu ya aina hiyo huinua asilimia ya mauzo, kwa kuwa sarafu ambayo ingedoda peke yake huuzwa ikibebwa na jirani yake. Bei ya ile iliyo nadra ndiyo huumia.

Katika mnada huo huo Marekani iliomba fungu moja liondolewe: dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933, ambayo kisheria haikuwahi kutolewa kwa umma. Liliondolewa. Sarafu inayoaminika kuwa ndiyo hiyo ilikuja kunadiwa New York tarehe 30 Julai 2002 kwa dola milioni 7.59, na tena Juni 2021 kwa dola milioni 18.9. Kwa upande wa hesabu, fungu lililoondolewa kabla ya kunadiwa huachwa nje na nyumba nyingi: halihesabiwi kuwa limeuzwa wala kuwa limedoda. Nyumba inayoondoa mafungu mengi dakika za mwisho, kwa kuona hayana wateja, huitakasa asilimia yake kimya kimya.

Ada ya mnunuzi na sheria za New York

Mwaka 1975 Christie's na Sotheby's zilianza kumtoza mnunuzi ada ya asilimia 10 juu ya bei ya nyundo jijini London. Desturi hiyo ilisambaa hadi kwenye sarafu, na leo ada ya karibu asilimia 20 ni ya kawaida katika nyumba kubwa za Marekani. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, nyumba ziliweza kushindania mikusanyo mikubwa kwa kumpunguzia au kumsamehe muuzaji ujira, na muuzaji mwenye nguvu akaweza pia kudai kima cha chini kilicho juu. Pili, jumla zinazotangazwa baada ya mnada hujumuisha ada, ilhali makadirio ya katalogi huwa hayaijumuishi. Anayelinganisha viwili hivyo moja kwa moja huona mafanikio makubwa kuliko yaliyopo.

Jaribio kubwa la ukweli lilitoka kwenye mnada wa picha za kuchora, nalo likagusa minada ya kila aina. Mei 1981, Christie's ya New York ilinadi picha nane za kampuni ya Cristallina, na ni moja tu iliyouzwa. Mkuu wake wa New York, David Bathurst, aliwaambia waandishi wa habari kwamba zimeuzwa tatu. Alipokiri mwaka 1985, alijiuzulu. Mwaka 1987 jiji la New York liliimarisha kanuni zake: dalali alitakiwa kutangaza hapo hapo kwamba fungu limepitwa, limeondolewa au limerudi kwa mwenyewe. Kanuni hizo zilidumu hadi mwaka 2022, jiji lilipoacha kutoa leseni za madalali wa mnada. Kwa miaka hiyo 35, matokeo ya ukumbi wa New York yalikuwa miongoni mwa yaliyo rahisi zaidi kuhakikiwa duniani, na sarafu nyingi kubwa zilinadiwa humo.

Madaraja ya ubora na intaneti

Hadi miaka ya 1980 sababu moja kubwa ya sarafu kudoda ilikuwa mashaka. Mnunuzi wa mbali hakuamini maelezo ya katalogi, hivyo alitoa dau dogo la kujikinga. William Sheldon alikuwa ametunga mwaka 1949 kipimo cha ubora cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani. Kampuni ya PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zikakitumia kipimo hicho kwa sarafu za kila aina na kuzifunga ndani ya vikasha vya plastiki vyenye daraja lililoandikwa. Mnunuzi wa California akaweza kutoa dau la nguvu kwa sarafu iliyoko New York bila kuishika mkononi.

Intaneti ilikamilisha mabadiliko hayo. Heritage ya Dallas, iliyoanza mwaka 1976, ilijenga kumbukumbu kubwa ya bei za minada yake iliyo wazi kwa wateja. GreatCollections ya California, iliyoanza mwaka 2010, hunadi kila wiki kwa intaneti, na mafungu mengi huanza kwa dola moja bila kima cha chini. Katika mnada wa namna hiyo asilimia ya mauzo hukaribia 100 kwa kanuni yenyewe, kwa kuwa dau moja linatosha. Kuiweka asilimia hiyo kando ya ile ya nyumba ya Uswisi inayoanzia asilimia 80 ya makadirio, kisha kusema ya kwanza ina wateja wengi zaidi, ni kosa. Ya kwanza humhakikishia mwenye mali kwamba itauzwa. Ya pili humhakikishia kwamba haitauzwa chini ya kiasi fulani.

Dola ya Seyyid Said

Mfano ulio wazi kuliko yote umeanzia Muscat na Zanzibar. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar. Aliporudi mwaka 1835 kubadilishana hati zilizoidhinishwa, akisafiri kwa meli ya kivita Peacock, alileta zawadi zilizojumuisha seti ya sarafu za Marekani. Ndani yake ilikuwamo dola ya fedha yenye mwaka 1804, iliyochapwa miaka 30 baada ya mwaka huo kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia. Seti kama hiyo ilikusudiwa pia kwa mfalme wa Siam. Dola za 1804 za kundi hilo la kwanza zinazojulikana ni nane.

Dola inayotambuliwa kuwa ya Seyyid Said ilifika Uingereza, ikawa mali ya Charles Watters wa Liverpool, ikauzwa na Glendining ya London mwaka 1917 kwa pauni 330. Ilipita kwa Virgil Brand wa Chicago na familia ya Childs, kisha mwaka 1999 ikanadiwa na Bowers and Merena kwa dola milioni 4.14. Mei 2016 iliongoza awamu ya nne ya mnada wa mkusanyo wa Pogue, ulioendeshwa na Stack's Bowers pamoja na Sotheby's jijini New York. Dau lilivuka dola milioni 10 pamoja na ada, lakini halikufika kima cha chini, na dola ikadoda. Jioni hiyo hiyo ilidoda pia dhahabu ya dola 5 ya mwaka 1822, sarafu nyingine nzito ya mkusanyo huo. Zote mbili ziliuzwa na Stack's Bowers mwaka 2021: dhahabu kwa dola milioni 8.4 mwezi Machi, na dola ya Seyyid Said kwa dola milioni 7.68 mwezi Agosti, pungufu ya dau lililokataliwa miaka mitano nyuma.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dola hiyo ni chema kisicho na ubishi, na bado ilidoda, kwa kuwa kima cha chini kilikuwa juu ya soko la siku ile. Kudoda hakumaanishi pia kwamba thamani imekwisha. Dola ya mwaka 1794 iliyouzwa na Stack's Bowers Januari 2013 kwa dola 10,016,875 ilinadiwa tena Las Vegas Oktoba 2020 na nyumba ya Legend, ikadoda, lakini ilipouzwa faraghani kupitia GreatCollections mwanzoni mwa 2022 ilifikia dola milioni 12.

Kulinganisha kwa haki

Mnada wa Pogue wa 2016 unaonyesha pia tofauti kati ya kuhesabu mafungu na kuhesabu thamani. Mafungu mawili tu yakidoda, asilimia kwa idadi haitikisiki. Yakiwa ndiyo ghali kuliko yote, asilimia kwa thamani huporomoka. Tuseme mnada una mafungu 100 yenye makadirio ya jumla ya dola milioni 10, na mawili kati yake yanakadiriwa dola milioni 3 kila moja. Yakidoda hayo mawili tu, mauzo kwa idadi ni asilimia 98, na kwa thamani ni asilimia 40.

Aina ya sarafu nayo ina neno. Dhahabu ya rupia 15 iliyochapwa mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ni mfano mzuri. Zilichapwa zaidi kidogo ya 16,000, zenye tembo upande mmoja, nazo hujitokeza mara kwa mara katika minada ya Ujerumani, Uingereza na Marekani. Ina wateja wa dhahabu, wa historia ya vita na wa makoloni ya Kijerumani, hivyo bei yake inajulikana na makadirio yake hayapotoki sana. Nyumba inayonadi sarafu za namna hiyo zaidi itauza sehemu kubwa kuliko inayonadi vipande vya pekee visivyo na bei ya kulinganishia, hata kama ufundi wao ni sawa.

Kumbukumbu za wazi kama CoinArchives na acsearch, zinazokusanya matokeo ya nyumba nyingi, zimempa msomaji wa leo uwezo ambao mkusanyaji wa zama za Mehl hakuwa nao. Anayekusudia kukabidhi mkusanyo kwa nyumba ya mnada na aulize mambo matano kabla ya kuiamini asilimia yoyote: kima cha chini kiliwekwa wapi, mali ilikuwa ya nani, mafungu yaliyoondolewa yamehesabiwaje, mauzo ya baada ya mnada yamejumuishwa au la, na hesabu ni ya idadi au ya thamani. Nyumba inayojibu yote matano kwa uwazi inastahili kuaminiwa kuliko yenye asilimia kubwa isiyo na maelezo.